Mali bila Daftari: Kahawa, Ushirika na Elimu Kilimanjaro

Wahenga wetu walituachia usemi kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu usemi huu hutajwa kwa wafanyabiashara, kana kwamba daftari ni chombo cha dukani tu. Sisi twaona kwamba maneno haya yanamhusu zaidi mkulima, hasa mkulima anayelima zao la kuuza ng'ambo, ambaye jasho lake hupimwa kwa mizani ya mtu mwingine, huandikwa kwa kalamu ya mtu mwingine, na huuzwa katika soko asilolijua.

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Hivyo ni sehemu ya utamaduni, na hapana anayeweza kulikana jambo hilo. Lakini utamaduni wa watu ni pamoja na namna wanavyojitafutia riziki, wanavyogawana walichokipata, na wanavyofundishana ili kizazi kinachokuja kisianze tena mwanzo. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza katika insha hii historia ya jambo moja: jinsi wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kwa kupitia vyama vyao, walivyoligeuza zao la shambani kuwa elimu. Tutaonyesha kwamba elimu hiyo ilikuwa ya namna mbili, elimu ya watoto wa wakulima na elimu ya wakulima wenyewe. Na kwamba ile ya kwanza ilipositawi na ya pili ikadumaa, chama kilibaki kama nyumba nzuri isiyo na nguzo ya kati.

Mfongo na mbuni

Wako wanaodhani kwamba ushirika uliletwa katika nchi yetu na wazungu. Jambo hilo si kweli, na mlima wenyewe ni shahidi. Muda mrefu kabla ya wakoloni kufika, Wachagga walikuwa wamechimba mifereji ya maji, iitwayo mifongo, inayotoka katika mito ya juu na kuteremka hadi vihambani. Mfongo haukuchimbwa na mtu mmoja wala haukutunzwa na mtu mmoja. Walikuwapo wazee wa mfongo waliopanga zamu za maji, waliowaita watu kwenda kuzibua na kujenga kingo, na waliomwadhibu aliyeiba zamu ya jirani yake. Kijana alijifunza kazi hiyo kwa kwenda na baba yake: akajua mteremko ufaao, mahali pa kuzuia maji, na haki ya kila kihamba. Kwa hiyo mfongo ulikuwa chama, na ulikuwa shule. Wala hapakuwa na mwanachama asiyejua hesabu yake, kwa kuwa hesabu yenyewe ilikuwa maji yanayopita mbele ya macho yake.

Mbuni ulikuja baadaye. Wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema walipanda kahawa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kutoka hapo zao hilo likaanza kuenea mlimani. Wakati wa utawala wa Wajerumani walowezi ndio waliokuwa na mashamba makubwa. Ulipoingia utawala wa Waingereza, baada ya Vita Kuu ya kwanza, Waafrika wengi zaidi walianza kupanda mibuni kati ya migomba yao, na Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa serikali huko Moshi, aliwatia moyo. Walowezi hawakupendezwa. Walisema kwamba mkulima mdogo hataweza kutunza mibuni, kwamba shamba lake litakuwa kiota cha wadudu na magonjwa, na kwamba kahawa ya walowezi itaibwa. Chini ya maneno hayo lilikuwapo neno jingine wasilolisema kwa sauti: mtu mwenye kahawa yake mwenyewe haendi kuwa kibarua katika kahawa ya mwenzake.

Somo la mrututu

Mwaka 1925 wakulima wa mlimani waliunda chama chao kilichojulikana kwa herufi za KNPA, yaani chama cha wenyeji wapandao kahawa Kilimanjaro. Mmoja wa viongozi wake wa mbele alikuwa Joseph Merinyo. Inafaa mwanafunzi wa historia aangalie kwa makini kazi ya kwanza ya chama hiki. Chama hakikuanza na majengo, wala hakikuanza na hotuba. Kilianza kwa kuwaonyesha wanachama namna ya kuulinda mbuni: kupogolea matawi, kuokota buni zilizoanguka, kupambana na wadudu, na kunyunyizia dawa. Watu wa mlimani wanaijua dawa ya mrututu, ile ya rangi ya buluu ambayo ikinyunyiziwa huacha madoadoa juu ya majani ya mbuni na hata ya mgomba ulio jirani. Chama kilinunua dawa na mabomba kwa pamoja, kikawagawia wakulima.

Hili lilikuwa somo, na mwalimu wake alikuwa mkulima mwenzao. Nalo lilikuwa jibu kwa walowezi, jibu lililotolewa kwa matendo. Kila shamba dogo lililotunzwa vema lilikanusha usemi kwamba Mwafrika hawezi. Twaweza kusema kwamba elimu ya kwanza iliyotolewa na wakulima wa kahawa ilikuwa elimu ya kutetea haki ya kulima, nayo ilisomwa kwa mikono.

Lakini kulikuwa na upungufu. Chama kilipoanza kukusanya na kuuza kahawa ya wanachama, fedha zikaongezeka, na hesabu zikawa nyingi kuliko watu walioweza kuzikagua. Kufikia mwaka 1931 KNPA ilikuwa katika shida za fedha, na viongozi wake wakalaumiwa juu ya hesabu. Serikali ya kikoloni, ambayo sehemu yake haikupenda kuona chama cha Waafrika kikizungumza kwa niaba ya watu bila kupitia kwa watawala, ilipata sababu ya kukivunja. Hapo ndipo usemi wa wahenga ulipotimia mara ya kwanza: mkulima alijua kuutibu mbuni, lakini daftari lilikuwa bado mikononi mwa wachache.

Amri na mafunzo

Mwaka 1932 ilitungwa sheria ya vyama vya ushirika katika Tanganyika, na mwanzoni mwa mwaka 1933 kiliandikishwa chama kikuu cha KNCU, ambacho chini yake vilikuwapo vyama vya msingi katika sehemu mbalimbali za mlima. Kwa miaka mingi meneja wake alikuwa Mwingereza, A. L. B. Bennett. Mwaka 1934 serikali ilianzisha kituo cha utafiti wa kahawa huko Lyamungu, na mafunzo ya kilimo bora yakapata makao.

Hata hivyo chama kilikuwa na kasoro moja kubwa. Mkulima hakuwa na hiari: aliamriwa auze kahawa yake kwa chama peke yake. Huo ulikuwa wakati ambapo bei za mazao duniani zilikuwa zimeanguka. Mkulima alimwona mfanyabiashara wa mjini akitoa fedha taslimu, kisha akamwona karani wa chama akitoa malipo ya awali na ahadi ya malipo ya pili. Hakuelezwa vya kutosha kwa nini kahawa yake isafiri mbali kabla hajapata haki yake yote. Mwaka 1937 ghasia zilizuka. Watu walizishambulia ghala za vyama vya msingi, na serikali ikatumia nguvu kurudisha utulivu.

Wakoloni waliwaita watu hao wajinga waliochochewa. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Watu walikuwa na swali la haki, nao walijibiwa kwa amri. Mfongo haukuendeshwa hivyo. Katika mfongo mtu alitii kwa sababu alijua. Mahali ambapo elimu ingetakiwa kutangulia, amri ilitangulia. Na amri isiyotanguliwa na elimu huzaa ama uasi, ama utiifu wa kukunja uso. Jambo hili tutalikuta tena mbele ya safari yetu, kwa sura nyingine.

Neema ya kahawa

Baada ya Vita Kuu ya pili bei ya kahawa ilipanda, na katika miaka ya 1950 ikafikia kiwango ambacho wazee walikizungumzia kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 1953 baridi kali iliharibu mibuni huko Brazil, na mwaka uliofuata bei ilipaa. Balaa ya Brazil ikawa neema ya Kilimanjaro.

Watu waliifanyia nini neema hiyo? Wako waliojenga nyumba za bati na saruji, na wako waliokunywa. Lakini matumizi yaliyotia alama ya kudumu katika nchi ni yale ya elimu. KNCU ilijenga jengo lake kubwa mjini Moshi, ikaweka humo maktaba na hosteli, na ikaendesha chuo cha biashara ambamo vijana wa Kiafrika walifunzwa uandishi wa hesabu na kazi za ofisi. Baraza la Wachagga nalo lilikata ushuru katika kahawa na kuutumia kwa maendeleo, shule zikiwamo. Vijana waliofaulu walitafutiwa msaada wa kwenda masomoni mbali. Zaidi ya hayo, kila nyumba ilikuwa na mfuko wake mdogo: fedha ya kahawa ilipokuja, mzazi aliiweka kando ada ya shule kabla ya kununua sukari. Kabla ya serikali huru kuondoa ada za sekondari katika miaka ya mwanzo ya uhuru, ni buni zilizolipa ada hizo mlimani.

Wala haikuwa Kilimanjaro peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wameanza kuunda vyama vyao. Paul Bomani alikwenda kusomea mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, Uingereza, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho la Victoria, ambalo lilikuja kuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika. Nchini Ghana, fedha za kakao zilisomesha watoto wengi wa wakulima, na katika Chuo Kikuu cha Legon liko bweni liitwalo Akuafo, maana yake wakulima, lililopewa jina hilo kwa heshima ya watu ambao jasho lao lilisaidia kukijenga chuo. Jina hilo ni fundisho. Msomi anayelala katika bweni hilo hukumbushwa kila siku kwamba kabla ya kalamu yake lilitangulia panga la mtu mwingine. Sisi hapa kwetu tunayo majengo mengi yaliyotokana na buni na pamba, lakini ni machache yanayotamka hivyo milangoni.

Mapacha wawili

Tufike sasa katika kiini cha hoja yetu. Katika historia ya ushirika duniani, mfano unaotajwa mara nyingi ni ule wa wafumaji na wafanyakazi wenzao wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi Desemba mwaka 1844. Watu hao walikuwa maskini, nao baada ya miaka michache waliweka kanuni kwamba asilimia mbili na nusu ya faida yao itengwe kwa ajili ya elimu. Waliweka maktaba na chumba cha kusomea. Hawakufanya hivyo ili watoto wao wapate kazi za ofisini. Walifanya hivyo ili mwanachama mwenyewe aweze kukisimamia chama chake. Tangu hapo elimu ya mwanachama imekuwa mojawapo ya misingi ya ushirika inayotambuliwa na vyama vya dunia nzima.

Elimu ya mtoto na elimu ya mwanachama ni mapacha, lakini si rahisi kuwalea kwa usawa. Elimu ya mtoto huonekana. Ina jengo, ina sare, ina cheti cha kutundika ukutani. Elimu ya mwanachama haina sherehe. Ni kueleza na kueleza tena, jioni, chini ya mti au katika ghala, kwa watu waliochoka na kazi.

Mfikirie mkulima anayepeleka kahawa ya ganda kilo 100. Kahawa hiyo ikikobolewa kiwandani, maganda huondoka, na kahawa safi inayobaki ni takriban kilo 80. Kahawa hiyo hupangwa kwa madaraja, huuzwa mnadani Moshi, na katika bei iliyopatikana hukatwa gharama za usafiri, za kukoboa, za chama na ushuru. Kinachosalia, baada ya kuondoa malipo ya awali, ndicho malipo ya pili. Mkulima anayeyajua haya atauliza maswali matatu: kilo zangu zilikuwa ngapi, daraja langu lilikuwa lipi, na makato yalikuwa ya nini. Asiyeyajua atakuwa na neno moja tu, nalo ni kwamba ameibiwa. Mara nyingine atakuwa amekosea, na mara nyingine atakuwa amesema kweli, lakini katika hali zote mbili hataweza kuthibitisha. Kwa mwizi, hakuna mwanachama mzuri kama yule anayelalamika bila hesabu.

Serikali huru ililitambua jambo hili. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo cha Ushirika mjini Moshi, na mwaka 1964 Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichosaidiwa na nchi za Skandinavia, kikaanza kutoa masomo kwa njia ya posta na vipindi vya redio, na kuwakusanya wanachama katika vikundi vya kusoma. Hata hivyo kazi ilikuwa kubwa kuliko watenda kazi. Baada ya uhuru vyama vilianzishwa kwa haraka katika kila pembe ya nchi, mahali pengine kwa agizo zaidi kuliko kwa hamu ya watu. Mwaka 1966 tume iliyoundwa na Rais kuchunguza vyama vya ushirika ilitoa taarifa yake. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja, iliyotangulia ni hii: wanachama hawakuvielewa vyama vyao. Nyingine zilikuwa uhaba wa watumishi wenye ujuzi, upungufu wa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na wanasiasa. Mwalimu akiwasomea wanafunzi wake orodha hii, na awaulize ni kasoro ipi kati ya hizo ingeweza kudumu kama ya kwanza isingekuwapo.

Zilifanywa juhudi nyingine za kusifiwa. Mwaka 1968, kwa msaada wa Unesco, ulianza mpango wa kisomo katika mikoa ya Ziwa. Watu wazima hawakufundishwa kusoma kwa vitabu vya watoto. Walifundishwa kwa vitabu vya kazi zao: pamba, migomba, uvuvi, mifugo na maarifa ya nyumbani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai. Mkulima wa pamba aliyejifunza herufi kwa neno la zao lake alikuwa anajifunza kusoma, na papo hapo anajifunza kuisoma stakabadhi yake. Huo ndio ulikuwa ukaribu wa mapacha wetu wawili.

Sisi tulio wana wa wakulima tunayo kumbukumbu moja ambayo hatuwezi kuiacha nyuma. Siku ya kupima kahawa, mtoto anayejua kusoma alikuwa mtu wa maana. Babu alimpa karatasi na kumwambia, "Mjukuu wangu, hebu soma, wameandika kilo ngapi?" Katika kituo kimoja cha kununulia mtoto alisoma, na kilo alizozisoma zilikuwa pungufu ya zile zilizotajwa kwa mdomo mbele ya mizani. Babu alinyamaza kidogo. Kisha akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa koti, akasema, "Basi wewe soma tu, mwanangu, usije ukawa kama mimi." Tulisoma, kama alivyotuusia. Tukaenda mijini, tukaajiriwa, tukajenga. Lakini tulipoondoka, babu alibaki na karatasi, na hapakuwa na wa kumsomea.

Katika kisa hicho tunaiona faida ya elimu iliyolipiwa na kahawa, na tunaiona hasara yake pia. Zao lilimpeleka mtoto shuleni, shule ikamtoa mtoto shambani, na chama kikabaki na wazee wasio na daftari. Hatusemi kwamba watoto hawakupaswa kusoma. Haya ni maneno ambayo yangetufedhehesha sisi wenyewe. Tunasema kwamba kila chama kilichohesabu vijana kiliowasomesha kilipaswa pia kuhesabu wanachama kiliowafundisha.

Na kuna watu waliosahauliwa zaidi. Mbuni ulihesabiwa kuwa mali ya mwanamume. Kadi ya uanachama iliandikwa jina la baba, na baba ndiye aliyeketi mkutanoni. Lakini aliyechuma, aliyemenya, aliyeosha na kuanika kahawa, akaikimbilia mvua iliponyesha, mara nyingi alikuwa mama na watoto wake. Elimu ya chama ilipotolewa ilikwenda kwa mwenye kadi, wala haikumfikia mwenye kazi. Ushirika unaofundisha nusu ya watu wake unatembea kwa mguu mmoja.

Ukimya wa mwaka 1976

Mwezi Mei mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali kote nchini. KNCU, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, ilikuwa miongoni mwao. Vijiji vilipewa kazi za vyama vya msingi, na ununuzi wa zao ukawa wa mamlaka ya kahawa iliyoundwa na serikali.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya uamuzi huo, na kwamba ulikuwa na kasoro serikali yenyewe ilikuja kukiri: mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuvirudisha vyama vikuu, na mwaka 1984 KNCU ikaanza tena. Sisi tunataka kuutazama ule ukimya uliofuata uamuzi. Mwaka 1937 watu waliinuka dhidi ya chama kwa kuwa kiliwalazimisha. Mwaka 1976 chama hicho hicho kilipoondolewa, watu hawakuinuka kukitetea. Wengine walisikitika, wengine waliona haya ni mambo ya wakubwa. Ilikuwa kana kwamba mtu ameng'olewa jino lisilo lake. Chama kilikuwa kimewasomeshea watoto, lakini hakikuwa kimejengwa vya kutosha ndani ya akili zao kuwa mali yao.

Vyama viliporudi vilikuta dunia imebadilika. Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa umezoea mlima. Mibuni ilikuwa imezeeka. Katikati ya miaka ya 1980 ada za sekondari zilirudishwa, na wazazi wengi wa mlimani walijenga shule zao kwa michango, ilhali kahawa iliyokuwa ikitegemewa kulipa michango hiyo ilikuwa inapungua. Tangu mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa vijijini, na mkulima akasimama tena pale alipokuwa amesimama babu yake: mkono mmoja fedha taslimu, mkono wa pili ahadi ya malipo ya pili. Wako waliong'oa mibuni na kupanda nyanya na mahindi. Hatuwalaumu, mtu hawezi kula historia.

Mizani na mwanafunzi

Je, tuseme basi kwamba kazi yote ilikuwa bure? Hasha. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilikua, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Lyamungu ndipo yalipo makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, ambayo wadau wa kahawa walianza kuiendesha katika miaka ya mwanzo ya karne hii, nayo imetoa aina za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Maelfu ya walimu, waganga, wahandisi na watumishi wa taifa hili walisomeshwa na buni. Hiyo si hesabu ndogo.

Lakini deni lingali pale pale, na twadhani wa kulilipa ni sisi tuliosomeshwa, tukisaidiana na walimu na wanafunzi wa sekondari wanaosoma kurasa hizi. Shule nyingi zimo katikati ya mashamba ya kahawa, pamba, korosho au tumbaku. Mwalimu wa hisabati anayefundisha asilimia anaweza kuwapeleka wanafunzi wake katika chama cha msingi siku ya kupima zao, wakajionea mizani, stakabadhi na ubao wa bei. Mwalimu wa historia anaweza kuwatuma kwa wazee wa chama wakaulize nani alichimba msingi wa ghala, na kwa nini. Mwanafunzi anaweza kuketi jioni na mama yake na bibi yake, akawasomea stakabadhi, kisha akafanya jambo lililo bora kuliko kusoma, yaani kuwafundisha waisome wenyewe. Na vyama vya ushirika, vinapotenga fedha za elimu, visione fahari katika orodha ya wanafunzi tu. Vitenge pia fedha za taa, chaki na mwalimu kwa ajili ya mwanachama mwenye mvi.

Wazee wa mfongo walijua jambo hili bila kwenda Rochdale. Maji yalipita mbele ya kila mtu, na kila mtu alijua zamu yake. Kahawa ilipokuja, maji yakageuka kuwa tarakimu, na tarakimu zikapita mahali ambapo wengi hawakuweza kuziona. Kazi ya elimu ya ushirika, tangu mwaka 1925 hadi leo, ni kuzirudisha tarakimu hizo mbele ya macho ya mwenye shamba. Siku mkulima atakapoisoma karatasi yake mwenyewe kituoni, bila kumngoja mjukuu aliye mjini, ndipo tutakapojua kwamba buni zimelipa ada yote.